Sinema ya Bosnia: wamewezaje, na uanzie filamu ipi?

SWALI: Nasomea utayarishaji wa filamu hapa Dar es Salaam. Juzi niliangalia Quo Vadis, Aida? na usingizi haukuja. Nilipoulizia nikaambiwa Bosnia ni nchi ndogo, haina fedha, lakini ina Oscar na tuzo kubwa za Berlin. Wamewezaje? Kusturica ni wao au si wao? Wana hadithi nyingine zaidi ya vita? Na mimi mwanafunzi nianze na filamu ipi?

JIBU: Asante kwa swali, mdogo wangu. Nianze na Kusturica, maana asipowekwa mahali pake mapema huwa anawaziba wengine wote.

Emir Kusturica alizaliwa Sarajevo mwaka 1954, na kazi zake za mwanzo zimejaa vichochoro vya mji huo. Sjećaš li se Dolly Bell? ilishinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji huko Venice mwaka 1981. Otac na službenom putu, hadithi ya mtoto ambaye baba yake amefungwa kwa siasa huku nyumbani akiambiwa kuwa baba kasafiri kikazi, ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 1985. Nyuma ya filamu zote mbili kuna kalamu ya Abdulah Sidran, mshairi wa Sarajevo. Hizo zilikuwa filamu za Yugoslavia, nchi ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake wakati ule. Vita vilipofika, Kusturica hakusimama na mji wake. Underground ilimpa Palme d'Or ya pili mwaka 1995, mwaka ule ule ambao majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliwaua maelfu ya Waislamu katika mji wa Srebrenica, na watu wengi wa Sarajevo waliiona inawapunguzia lawama wale waliokuwa wakiwapiga mizinga. Baadaye alifanya makazi yake Serbia, na mwaka 2005 akabatizwa katika Kanisa la Orthodoksi. Kwa maoni yangu, filamu zile mbili ni urithi wa Bosnia na unapaswa kuzijua. Yeye mwenyewe hayumo katika sinema ya Bosnia huru, na kumwingiza humo ni kuwakosea waliobaki mjini wakapiga picha.

Kubaki kulikuwa na maana nzito. Jumuiya ya Ulaya iliitambua Bosnia na Herzegovina kuwa nchi huru tarehe 6 Aprili 1992, na siku hizo hizo Sarajevo ikazingirwa na majeshi ya Waserbia. Mzingiro ulidumu siku 1,425, hadi tarehe 29 Februari 1996. Maji, umeme na gesi vilikatwa, na wadunguaji walikaa milimani wakilenga mtu yeyote anayevuka barabara. Ndani ya mji huo kikundi cha waongozaji kilichoitwa SaGA, chini ya Ademir Kenović, kiliendelea kupiga picha za video kila siku iliyowezekana. Baadhi ya kazi hizo ziliunganishwa zikawa MGM Sarajevo, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 1994, mzingiro ukiwa haujaisha. Danis Tanović, ambaye vita vilimkuta mwanafunzi wa uongozaji, aliingia kwenye jeshi la Bosnia na kamera, akarekodi mstari wa mbele kwa takribani miaka miwili kabla ya kwenda kumalizia masomo Brussels.

Ukitaka kuelewa kwa nini filamu zao hazina mapambo, anzia hapo. Kizazi kizima kilijifunza kamera kwa kurekodi mambo ambayo huenda yangehitajika mahakamani. Hawakuwa na taa za studio wala nafasi ya kurudia tukio. Mazoea hayo yamebaki hadi leo, hata kwa wale waliokuwa watoto wakati ule.

Watazamaji nao walizaliwa katika hali hiyo. Kituo cha sanaa cha Obala kilikuwa kikionyesha filamu kwa mikanda ya video katikati ya vita, na watu walihatarisha maisha yao njiani ili wakae gizani wakiangalia. Mwishoni mwa Oktoba 1995, kabla mkataba wa amani wa Dayton haujatiwa saini, Mirsad Purivatra na wenzake wa Obala walifungua tamasha la kwanza la filamu la Sarajevo. Zilionyeshwa filamu 37 kutoka nchi 15, na watazamaji walikuwa kama 15,000. Leo tamasha hilo hufanyika kila Agosti na ni miongoni mwa makubwa ya Ulaya ya kusini-mashariki. Tangu mwaka 2003 lina soko lake, CineLink, ambako watayarishaji wa Balkani hukutana na wenye fedha.

Sasa niingie kwenye fedha, maana ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Sensa ya mwaka 2013 ilihesabu watu milioni 3.5 tu nchini Bosnia. Hata wote wakikata tiketi, filamu kubwa hairudishi gharama yake. Juu ya hapo, mkataba wa Dayton uliigawa nchi katika sehemu mbili zinazojitawala, Shirikisho la Bosnia na Herzegovina na Republika Srpska, ambayo ni sehemu ya Waserbia wa Bosnia, na hakuna mfuko mmoja wa filamu wa taifa zima. Mfuko wa Sarajevo ni wa Shirikisho, na ni mdogo. Kwa hiyo mtayarishaji wa Bosnia hupata kiasi cha kuanzia nyumbani, kisha hubisha hodi nchi moja baada ya nyingine. Kila mfuko unaotoa fedha hudai sehemu yake: fundi wake atumike, au kazi fulani ifanyike kwake, au fedha zitumike kwake. Bosnia ilipoingia Eurimages, mfuko wa pamoja wa Baraza la Ulaya, mlango huo ulizidi kufunguka.

Rudia Aida, lakini safari hii usizime majina yanapopita mwishoni. Filamu hiyo ni ya nchi tisa. Mpiga picha wake ni Christine A. Maier wa Austria, aliyekuwa na mwongozaji, Jasmila Žbanić, tangu filamu yake ya Grbavica. Mhariri ni Jarosław Kamiński wa Poland. Uholanzi imo pia, nchi ambayo wanajeshi wake ndio waliokuwa na kofia za Umoja wa Mataifa pale Potočari, kambi yao karibu na Srebrenica. Aida mwenyewe ameigizwa na Jasna Đuričić, naye Jenerali Mladić, kamanda wa majeshi ya Waserbia wa Bosnia, ameigizwa na Boris Isaković. Waigizaji hao wote wawili ni wa Serbia, na ni mke na mume. Fikiria ujasiri wa wawili hao kurudi nyumbani baada ya filamu hiyo, katika nchi ambako wengi bado wanakataa kuyaita mauaji yale kwa jina lake. Katika Grbavica pia mama anaigizwa na Mserbia, Mirjana Karanović, yule yule aliyekuwa mama katika Otac na službenom putu miaka ishirini kabla. Wanaoandika kuhusu sinema hii hutaja tuzo kwanza. Mimi ningetaja kwanza watu wa pande zilizopigana waliokubali kusimama mbele ya kamera moja.

Nakwenda kwenye kiini cha kazi yao, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho ningependa ukichukue kama mwandishi. Chunguza filamu zao bora uone kinachoendesha hadithi. Mara nyingi ni karatasi: cheti, kadi au orodha. Mtu anayo au hana, na maisha yanaamuliwa hapo.

Grbavica ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2006. Ni jina la mtaa wa Sarajevo ulioshikwa na majeshi ya Waserbia wakati wa mzingiro. Esma anamlea peke yake binti yake Sara, mwanafunzi wa miaka 12. Shule imepanga safari, na gharama ni euro 200. Watoto ambao baba zao walikufa shahidi vitani hupata nafuu ya malipo, ila lazima walete cheti. Tangu Sara apate akili, mama amemwambia kwamba baba yake alikufa shahidi. Basi Sara anataka cheti. Mama anazungusha maneno, anachukua kazi ya usiku kwenye klabu, anakopa, anahangaika alipe gharama kamili ili cheti kisihitajike tena. Hakipo na hakitakuwapo, kwa sababu mimba ya Sara ilitokana na ubakaji katika kambi ya wafungwa. Žbanić haturudishi kambini hata mara moja. Hakuna kumbukumbu iliyoigizwa wala askari anayefoka. Tuko sebuleni, mama na mtoto wakigombana juu ya karatasi, na ukweli unamtoka mama kwa kelele. Angalia tukio hilo uone kamera iko wapi na inakaa muda gani. Huwa nalipendekeza kwa kila kijana anayeniletea muswada uliojaa kumbukumbu za nyuma.

Filamu hiyo ilifanya kazi nje ya ukumbi pia. Iliambatana na kampeni ya kukusanya saini, na mwaka huo huo wa 2006 Shirikisho lilibadilisha sheria ili wanawake waliobakwa vitani watambuliwe kuwa wahanga wa kiraia wa vita na wapate posho ya kila mwezi. Upande wa Republika Srpska majumba ya sinema hayakuionyesha. Žbanić alipopanda jukwaani Berlin, alikumbusha kwamba Karadžić, kiongozi wa kisiasa wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita, na Mladić walikuwa bado hawajakamatwa. Wa kwanza alikamatwa mwaka 2008, wa pili mwaka 2011.

Karatasi ya pili ni kadi ya bima. Mwaka 2013 Tanović alikwenda Berlin na Epizoda u životu berača željeza, yaani kisa kimoja katika maisha ya mwokota chuma. Alikuwa amesoma gazetini habari za familia ya Waroma, jamii ya wachache iliyotawanyika Ulaya, kutoka Poljice, karibu na Lukavac. Mume, Nazif Mujić, huokota chuma chakavu. Mke, Senada, mtoto wake amekufa tumboni na anahitaji upasuaji haraka. Hospitali inataka marka 980 za Bosnia, kama euro 500 hivi, kwa sababu hana bima. Tanović hakungoja mifuko ya Ulaya. Alikwenda na watu wachache na kamera ndogo ya picha inayorekodi video, akamwomba Nazif, Senada na watoto wao waigize maisha yao wenyewe, akapiga filamu kwa siku 9 kwa gharama ya takribani euro 17,000. Hatimaye Senada anatibiwa kwa kadi ya mtu mwingine wa familia. Wakirudi nyumbani umeme umekatwa, na Nazif anaanza kulikatakata gari lake la zamani alipeleke kwenye chuma chakavu. Kamera inamfuata akipiga shoka, inamwacha apige hadi achoke. Hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike.

Filamu ilipata tuzo kuu ya majaji, na Nazif akapewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora. Lakini mambo hayakuishia kwenye zulia jekundu. Aliomba hifadhi Ujerumani akakataliwa, umaskini ukamrudia, akamuuza yule Dubu, na mwaka 2018 akafariki. Nakuambia hili kwa uzito. Ukimchukua mtu maskini aigize shida zake mwenyewe, tuzo itamfungulia mwongozaji milango ambayo yeye haitamfungulia. Amua mapema mtaachana vipi, na uandike kwenye mkataba.

Ya tatu unaijua tayari: orodha ya majina katika Aida. Mkalimani wa Umoja wa Mataifa, mwalimu wa Kiingereza, anahangaika majina ya mume na wanawe wawili yaingie kwenye orodha ya wafanyakazi watakaoondoka na Waholanzi. Ana kitambulisho shingoni, wao hawana. Ndiyo maana anakimbia filamu nzima, kutoka ofisi hadi lango, kutoka lango hadi ghala lililojaa watu. Julai 1995 waliuawa wanaume na wavulana zaidi ya 8,000, na Žbanić alichagua kutuonyesha mama mmoja na orodha moja. Wakati wa mauaji kamera inatoka nje ya ukumbi, tunaachiwa milio ya risasi tu. Ilizinduliwa Venice mwaka 2020, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2021 ikawa filamu bora ya mwaka katika tuzo za filamu za Ulaya.

Hapa kuna kinachotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Hukumu ya mwisho ya Mladić, Juni 2021, ilitolewa na chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi mahakama mbili, ya Yugoslavia ya zamani na ya Rwanda, na chombo hicho kina matawi mawili: The Hague na Arusha. Mei 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoitenga tarehe 11 Julai kuwa siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Srebrenica, nchi zilizoongoza pendekezo hilo zilikuwa Ujerumani na Rwanda. Ukienda kuwahoji watu wa Kigali au wakimbizi waliopitia Ngara kwa ajili ya filamu yako, utakuta maswali ambayo wenzako wa Sarajevo wameyashughulikia kwa zaidi ya miaka thelathini: uonyeshe nini, ufiche nini, na nani ana haki ya kusimulia.

Sijasahau Oscar. Ničija zemlja ya Tanović, inayojulikana duniani kama No Man's Land, ilipata tuzo ya muswada Cannes mwaka 2001, na Machi 2002 ikatwaa Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ikizishinda Amélie ya Ufaransa na Lagaan ya India. Askari Mbosnia na askari Mserbia wamekwama kwenye handaki moja kati ya majeshi mawili, na mwenzao wa tatu amelala juu ya bomu litakalolipuka akiinuka. Umoja wa Mataifa unafika, waandishi wa habari wanafika, wakubwa wanapigiana simu. Ilipigwa Slovenia, kwa fedha za nchi kadhaa. Ni filamu iliyojengwa kwa ustadi mkubwa na mazungumzo yake yanachekesha hadi yanauma, ingawa binafsi naiweka chini ya ile ya mwokota chuma. Katika ile ya kwanza unauona mkono wa mwandishi akipanga mambo. Katika ile ya pili huuoni kabisa.

Je, wana lolote zaidi ya vita? Wanalo, lakini usitarajie vita viondoke nyumbani upesi. Mwaka 1997 Kenović na Sidran walitoa Savršeni krug, filamu ndefu ya kwanza baada ya vita, iliyopigwa katika magofu halisi ya Sarajevo: mshairi aliyebaki peke yake anajikuta analea yatima wawili. Baada ya hapo wakaanza kuugeukia upande wa kuishi tena. Pjer Žalica katika Gori vatra (2003) aliuchukua mji mdogo wa Tešanj unaoambiwa kuwa Rais Clinton anakuja, na ghafla kila mtu anatakiwa aonyeshe kuwa amepatana na jirani yake. Ni vichekesho, na ndani yake kuna baba anayeendelea kuzungumza na mwanawe aliyekufa vitani.

Nataka hasa umjue Aida Begić. Filamu yake Snijeg ilishinda tuzo kuu ya Wiki ya Wakosoaji huko Cannes mwaka 2008. Ni mwaka 1997, kijiji cha Slavno mashariki mwa Bosnia, na wamebaki karibu wanawake watupu. Wanaume walichukuliwa, na haijulikani walizikwa wapi. Alma, mjane kijana, anapika jamu na achari za mbogamboga akauze kando ya barabara, huku kampuni ya kigeni ikitaka kununua ardhi yote. Alma anaswali na anajifunika kichwa, na kamera haimshangai wala haimwelezi kwa mtazamaji wa Paris, kwa sababu mwongozaji mwenyewe anaishi hivyo. Wasomaji wangu wa Pwani waliowahi kuona filamu za Ulaya kuhusu mwanamke Mwislamu wataona tofauti katika dakika chache za mwanzo. Na utagundua kuwa wanawake ni wengi katika safu ya mbele: Žbanić, Begić, Ines Tanović, Una Gunjak. Kwingi Ulaya bado wanalipigania hilo.

Mpangilio wa kuangalia, kwa mwanafunzi kama wewe, ni huu. Anza na ya mwokota chuma, kwa kuwa kamera aliyotumia Tanović huenda mnayo chuoni, na hutakuwa na kisingizio cha vifaa. Fuata na Ničija zemlja, ukiwa na daftari, ukiandika kila mara habari mpya inapoingia kwenye lile handaki na inabadilisha nini. Snijeg iangalie ukiwa umetulia, maana ni ya polepole. Aida umeshaiona, iache ipumzike ndani yako kabla ya kuirudia, na usiiweke mbele ya watoto. Mwisho angalia Grbavica, na siku hiyo hiyo uangalie Ekskurzija ya Una Gunjak, iliyotajwa kwa heshima na majaji wa Locarno mwaka 2023. Zote mbili ni za wasichana wa shule Sarajevo, na zote mbili zina safari ya shule. Tatizo la Iman, msichana wa Ekskurzija, ni uongo alioutunga mwenyewe kwenye mchezo wa kuulizana siri, uongo unaokua hadi kuwa uvumi wa mimba, wazazi wakaja juu na walimu wakakosa la kusema. Alizaliwa muda mrefu baada ya vita kwisha. Andika kurasa mbili ukilinganisha akina mama wa filamu hizo mbili, nani anasema nini na nani ananyamaza, kisha uniletee nizisome.